Saa 66: seva iliyojaa kwa kumsubiri pacha wake

Jumatatu moja mwishoni mwa Julai, saa saba mchana, hifadhidata ya kampuni moja ya utalii jijini Arusha ilisimama. Wahudumu wa bukingi waliona skrini zao zikizunguka bila jibu, mhasibu akashindwa kutoa ankara, na ofisi ya Moshi, ambayo ndiyo huandaa safari za kupanda Mlima Kilimanjaro, ikabaki bila orodha ya wapagazi wa makundi mawili yaliyotakiwa kuwa kwenye lango la Machame na lango la Marangu kesho yake asubuhi. Huduma ilirudi saa tisa na dakika 40. Hakuna data iliyopotea, na ndiyo maana ninaweza kukiandika kisa hiki kwa utulivu. Hata hivyo, sababu ya kusimama huko ilikuwa imekaa ndani ya seva tangu Ijumaa jioni, na dalili yake ya kwanza ilikuwa imeonekana wiki sita kabla, ikasomwa vibaya.

Niliitwa kama fundi wa hifadhidata kutoka nje ya kampuni. Jina la kampuni na majina ya wahusika nimeyaacha, kwa kuwa hakuna mtu katika kisa hiki aliyefanya jambo la kipuuzi; kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa na hoja yake.

Seva mbili, kilomita 80

Kampuni hiyo inatumia programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, toleo la 14. Seva kuu iko Arusha na ndiyo pekee inayoandikwa. Seva ya pili, ambayo nitaiita replika, iko Moshi, kiasi cha kilomita 80 kwa barabara, nayo ina kazi mbili: kujibu maswali ya ripoti za watu wa Moshi ili yasiielemee Arusha, na kusubiri. Jengo la Arusha likikosa umeme kwa muda mrefu, au diski ikifa, replika hupandishwa cheo ikawa seva kuu. Ni mpango mzuri, na sikuona sababu ya kuuvunja.

Replika hufuata seva kuu kwa njia ya daftari la mabadiliko. Kila badiliko, kabla halijagusa faili ya jedwali, huandikwa kwanza katika daftari hilo, lililomo ndani ya folda iitwayo pg_wal, likiwa limegawanywa katika faili zenye MB 16 kila moja. Seva kuu hulituma daftari kwa replika likiwa bado linaandikwa, na replika huyarudia mabadiliko yale yale kwa mpangilio ule ule. Faili ambazo hazihitajiki tena hufutwa, au hupewa majina mapya na kutumika upya. Swali ni nani anayeamua kwamba faili fulani haihitajiki tena, na humo ndimo kisa chote kilimo.

Isipoelekezwa vingine, seva kuu huangalia mahitaji yake yenyewe tu. Replika iliyozimwa kwa siku moja inaweza kurudi na kukuta kurasa ilizokuwa ikizihitaji zimeshatupwa, na hapo hakuna njia ila kuijenga upya. Ili kuepuka hilo, kampuni ilikuwa imeweka sloti ya urudufishaji, yaani alama ndani ya seva kuu inayokumbuka replika imesoma hadi wapi. Sloti ikiwepo, seva kuu haitupi faili yoyote ambayo replika haijakiri kuipokea. Anayejua ofisi za vifurushi za mabasi ya mikoani atauelewa utaratibu huu mara moja: kifurushi hakitupwi mpaka mwenyewe aje akichukue, hata akichelewa, na rafu zinazojaa ni za ofisi, si za mwenye kifurushi. Ila katika ofisi hizo huwa kuna tangazo ukutani, kwamba mzigo usiochukuliwa baada ya siku kadhaa si jukumu lao. PostgreSQL nayo ina tangazo la namna hiyo, kigezo kiitwacho max_slot_wal_keep_size, kilichoingizwa katika toleo la 13 mwaka 2020. Thamani yake ya awali ni -1, maana yake ni kusubiri bila kikomo. Hapa kilikuwa kimeachwa hivyo hivyo.

Hesabu ya Aprili

Mwezi wa Aprili, katikati ya masika, wageni wanapokuwa wachache na ofisi inapopata nafasi ya kupumua, afisa tehama wa kampuni alifanya makadirio ya uwezo wa seva. Nimeiona karatasi yake, na ni karatasi ya mtu makini. Diski ilikuwa ya GB 200. Mfumo wa faili wa ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu wa mashine, kwa hiyo GB 10 haziwezi kuguswa na hifadhidata. Wengi hulisahau hilo, yeye hakulisahau. Data na faharasa zake (orodha za kutafutia rekodi haraka) zilikuwa GB 82, mfumo endeshi na logi zake GB 14, na bekapu mbili za usiku, GB 11 kila moja, zilikaa kwenye diski hiyo hiyo. Zilibaki GB 72. Data ilikua kwa GB 2 hivi kila mwezi, na daftari la mabadiliko lilizalisha GB 7 kwa siku, ambazo zilitumwa Moshi na kisha kuondolewa. Akaandika kwamba nafasi inatosha kwa miaka mitatu, na pembeni, kwa kalamu, akaongeza kwamba Moshi ikikatika tunaweza kuvumilia siku kumi.

Neno hilo la pembeni lilikuwa sehemu bora kuliko zote katika karatasi, kwa sababu ndilo pekee lililogeuza gigabaiti kuwa muda. Bahati mbaya liliandikwa mara moja tu, katika mwezi wenye kazi chache kuliko yote ya mwaka, kisha likageuka kuwa jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelipima.

Mwishoni mwa Juni iliongezwa kazi mpya ya usiku. Mawakala wa nje walitaka kuona bei na nafasi zilizobaki bila kuandika barua pepe, kwa hiyo likatengenezwa jedwali lenye rekodi zipatazo milioni 6, moja kwa kila mchanganyiko wa safari, tarehe, lodji, wakala na sarafu, na amri moja ya UPDATE ikawa inalipitia lote kila usiku na kuandika bei upya. Iliandika upya hata bei ambayo haikubadilika, na hata kwa safari ambayo haikupata mteja mpya wala kupoteza wa zamani.

Katika PostgreSQL, kubadilisha rekodi si kufuta herufi na kuandika nyingine juu yake. Toleo jipya la rekodi huandikwa mahali pengine, la zamani hubaki likisubiri kufagiliwa, na mara nyingi kila faharasa ya jedwali hupata kiingilio kipya. Yote hayo hupita kwenye daftari. Juu ya hapo kuna jambo ambalo huwashangaza hata waliozoea kazi hii: ukurasa wa KB 8 unapoguswa kwa mara ya kwanza baada ya chekipointi, yaani pale seva inapohakikisha kwamba mabadiliko ya daftari yamefika kwenye faili za data, daftari hubeba ukurasa mzima, hata kama kilichobadilika ni tarakimu mbili. Hii ni kinga, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukurasa uliochanika uweze kurejeshwa ukiwa kamili. Sasa, kigezo cha max_wal_size, kinachoamua daftari likue kiasi gani kabla ya chekipointi nyingine, kilikuwa kimebaki kwenye GB 1 ya awali, kwa hiyo kazi nzito kama ile ilikuwa ikilazimisha chekipointi moja baada ya nyingine, na kila chekipointi ilipopita, hesabu ya kurasa nzima ilianza upya. Amri ambayo kwa mtazamo wa mwandishi wake ilikuwa ya mstari mmoja ilizalisha GB 14 kila usiku.

Mchana wa Julai, wahudumu wote wakiwa mezani, daftari lilizalisha GB 10 nyingine. Jumla ikawa GB 24 kwa siku, yaani, kwa wastani, GB 1 kwa saa. Data nayo ilikuwa imefika GB 88 na nafasi imeshuka hadi GB 66. Siku kumi za Aprili zilikuwa zimekuwa saa 66.

Ijumaa hadi Jumatatu

Ofisi ya Moshi ilihama jengo. Ijumaa saa moja usiku seva ilizimwa, ikafungwa kwenye boksi pamoja na nyaya zake, na mafundi wa faiba walikuwa wameahidi kuunganisha jengo jipya siku ya Jumanne. Afisa tehama alimjulisha mkurugenzi wake, naye akauliza kama kuna hatari yoyote. Jibu lilikuwa kwamba tuna siku kumi. Nasisitiza kwamba uamuzi huo, kwa takwimu waliyokuwa nayo, ulikuwa sahihi kabisa: siku nne ndani ya siku kumi si jambo la kumnyima mtu usingizi.

Jumamosi yote seva kuu ilifanya kazi vizuri. Urudufishaji wao haukuwa wa kusubiriana. Muamala ulihesabika umekamilika mara Arusha ilipouandika, Moshi ikiwepo au isiwepo. Laiti ungekuwa wa kusubiriana, bukingi ya kwanza baada ya saa moja usiku siku ya Ijumaa ingekwama hapo hapo, na tatizo lingejulikana ndani ya dakika moja. Sisemi hivyo kuutetea mtindo huo kwa seva mbili tu, maana kuutumia bila replika ya tatu ni kuongeza njia za kusimama badala ya kuzipunguza, lakini inafaa kuona kwamba utulivu wa Jumamosi ile ulitokana na mpangilio ambao kwa kawaida tunausifu.

Jumapili saa kumi na mbili jioni diski ilivuka asilimia 90 na ujumbe mfupi ukaingia kwenye simu ya afisa tehama. Mara ya mwisho kupata ujumbe kama huo ilikuwa mwezi Machi, wakati bekapu ya zamani ilipokataa kufutika. Alidhani ni hilo tena, akapanga kulishughulikia Jumatatu asubuhi. Jumatatu asubuhi kulikuwa na wafanyakazi wapya wawili wa kuundiwa akaunti na printa ya uhasibu iliyogoma. Ujumbe wa asilimia 90 haukumwambia kwamba alikuwa amebakiwa na saa 19, na yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa kuutazama. Kwa seva inayokua GB 2 kwa mwezi, asilimia 10 iliyobaki ni miezi tisa. Kwa seva iliyo katika hali ile, ni usiku mmoja na asubuhi.

Saa saba mchana seva ilijaribu kufungua faili mpya ya daftari, ikakosa nafasi, ikajizima. Ikajaribu kujiwasha, na kwa kuwa hata kujirekebisha kunahitaji kuandika kidogo, ikajizima tena.

Simu niliipokea nikiwa Usa River. Afisa alikuwa ameshaona mwenyewe kilichojaa.

"Kaka, folda ya pg_wal ina GB 67. Hizi si logi tu? Nifute za wiki iliyopita?"

"Usifute hata moja. Zima programu za bukingi zisiendelee kugonga, halafu nisubiri."

Swali lake lina historia ndefu. Hadi toleo la 9.6 folda hiyo iliitwa pg_xlog, na kwa kuwa jina lilifanana na la logi za kawaida, watu waliifuta wakidhani wanafanya usafi, wakaamka na hifadhidata isiyowaka. Katika toleo la 10, mwaka 2017, ilipewa jina la sasa. Jina limebadilika, ila mkono wa mtu aliyebanwa na diski bado unaelekea pale pale. Faili zilizokuwa mle zilikuwa na mabadiliko ambayo huenda yalikuwa hayajafika kwenye faili za data. Kuzifuta kwa mkono kungegeuza saa mbili za usumbufu kuwa wiki ya kuunganisha bukingi kutoka kwenye barua pepe.

Kutafuta gigabaiti chache

Wazo la pili la afisa lilikuwa kufuta bekapu, GB 22 kwa mpigo. Nililikataa pia, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kueleza kuliko kutenda. Replika ilikuwa kwenye boksi. Seva kuu ilikuwa imelala. Bekapu mbili zilizokuwa juu ya diski hiyo hiyo zilikuwa ndizo nakala pekee za hifadhidata zilizokuwa hai duniani, na hata kama kuzihifadhi mahali pale lilikuwa kosa la tangu zamani, saa ile haikuwa saa ya kulisahihisha kwa kuzifuta. Tulichomeka diski ya nje na kuanza kuzinakili, huku tukitafuta nafasi kwingine.

Nafasi ilikuwepo, katika ile asilimia 5 iliyotengwa kwa mtumiaji mkuu. Kwa amri ya tune2fs akiba hiyo hushushwa hadi asilimia 1 bila kuzima mashine wala kutenganisha diski, na kwa diski ya GB 200 hilo hutoa GB 8 papo hapo. Seva ikawashwa, ikapitia daftari lake kwa dakika kadhaa, ikasimama imara. Programu za bukingi zilikuwa bado zimefungiwa nje.

Sasa ikabidi kuamua kuhusu sloti. Tungeiacha, replika ingeweza kurudi na kuendelea pale ilipoishia bila kujengwa upya. Nilipiga hesabu mezani: kiungo cha Arusha na Moshi ni cha megabiti 20 kwa sekunde, ambazo ni kama GB 9 kwa saa, deni ni GB 66, na kila saa linaongezeka GB 1, kwa hiyo linalipika kwa saa nane na ushei. Kujenga replika upya, GB 88 pamoja na daftari linalozaliwa wakati wa kuhamisha, kungechukua kama saa 11. Tofauti yenyewe haikuwa kubwa. Kilichoamua ni kwamba seva ya Moshi isingekuwa mtandaoni kabla ya Jumanne, na GB 8 tulizozipata zilikuwa saa nane tu za uhai. Tuliifuta sloti, tukaamuru chekipointi, na folda ya pg_wal ikashuka hadi karibu na GB 1. Saa tisa na dakika 40 wahudumu waliruhusiwa kuingia. Orodha za wapagazi zilitumwa Moshi kwa barua pepe.

Jumanne saa tatu usiku, faiba ikiwa imeunganishwa, tulianza kuijenga replika upya kwa pg_basebackup, programu ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata nzima, tukiwa tumetengeneza sloti mpya kwanza ili daftari lisitupwe katikati ya safari. Iliisha Jumatano saa mbili asubuhi. Usiku huo ile kazi ya mawakala tuliizima, jambo ambalo halikumfurahisha mkuu wa mauzo.

Kloni iliyokufa mwezi wa Juni

Katika kusubiri kule ndipo niliposikia habari ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa. Katikati ya Mei, kampuni ilihitaji mashine ya kufundishia wafanyakazi wa msimu na kujaribia kazi mpya. Seva kuu yao ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigwa kwa programu ndani ya nyingine, kwa hiyo walichukua taswira (nakala kamili) ya mashine nzima na kuiwasha kwa jina jingine. Ni njia rahisi, na kloni inayopatikana hufanana na ya asili hadi kwenye vumbi.

Tatizo ni hilo vumbi. Ndani ya faili za hifadhidata kuna folda ya pg_replslot, mnamokaa sloti. pg_basebackup huiruka folda hiyo kwa makusudi, na mwongozo wa PostgreSQL unashauri iachwe pia na anayenakili faili kwa njia nyingine. Taswira ya mashine haijui ushauri huo. Ilibeba kila kitu. Kloni ikaamka ikiwa na sloti ya replika ambayo kwake haikuwahi kuwepo, ikaanza kumtunzia daftari mgeni asiyekuja.

Kwa wiki nne hakuna aliyeona chochote, kwa sababu mafunzo huandika kidogo. Kisha katikati ya Juni wakaanza kuijaribu ile kazi ya bei. Kila jaribio lilizalisha GB 14, na hakuna hata moja iliyoondoka. Katika jaribio la tano kloni ilijaa, ikajizima. Hitimisho lililoandikwa ni kwamba mashine ya majaribio haina nguvu ya kutosha. Ikafutwa, ikatengenezwa nyingine kutoka kwenye taswira ile ile, na majaribio yakamalizika kabla hiyo nayo haijajaa.

Mambo yote mawili yaliyoisimamisha seva kuu mwishoni mwa Julai, yaani sloti isiyo na msomaji na kazi inayozalisha GB 14, yalikuwa yamekutana ndani ya kloni na kuiua mbele ya macho ya watu, kwenye diski yenye ukubwa ule ule. Mashine ya majaribio ilikuwa imefanya kazi yake kikamilifu. Aliyeizika hakutazama amekufa na nini. Nilipomuuliza afisa kama alifungua pg_wal siku ile, alisema hakuona haja ya kuipasua maiti ya mashine isiyo na data ya maana, na nakiri kwamba hata mimi, katika wiki ya kuandaa msimu, huenda nisingeifungua.

Hapo kuna jambo la pembeni ambalo sikuweza kulinyamazia. Kauli kwamba kloni haikuwa na data ya maana haikuwa kweli. Ilikuwa na namba za pasipoti, tarehe za kuzaliwa na maelezo ya afya ya kila mgeni aliyewahi kupanda mlima nao, na iliwekwa wazi kwa wafanyakazi wa msimu wanaojifunza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitofautishi kati ya seva kuu na seva ya mazoezi. Sasa kloni hutengenezwa kutoka kwenye replika ya Moshi kwa pg_basebackup, hutengwa na mtandao, hupandishwa ijitegemee, kisha hupitiwa na programu ndogo inayobadilisha majina, pasipoti na barua pepe kabla ya mtu yeyote kupewa nywila. Kuchukua kutoka kwa replika kuna faida ya ziada: kazi ya kusoma GB 88 haimwangukii anayehudumia wateja.

Kilichobadilishwa, na kilichobishaniwa

Amri ya usiku ilirekebishwa iguse tu rekodi ambazo bei au nafasi yake imebadilika kweli. Lilikuwa sharti moja lililoongezwa mwishoni mwa sentensi, na GB 14 zikashuka chini ya GB 1. Bekapu zilihamishwa kwenye diski nyingine, na nakala moja hutoka nje ya jengo. Kigezo cha max_wal_size kilipandishwa hadi GB 8 ili chekipointi zisifuatane, nazo GB 8 hizo zikaandikwa kwenye karatasi ya makadirio kama nafasi iliyokwisha kutumika, na ubanaji wa kurasa katika daftari ukawashwa.

Kulikuwa na pendekezo la kuiweka pg_wal kwenye diski yake peke yake. Sikulipinga, ila sikulipa uzito waliotarajia. Diski ya daftari ikijaa, seva husimama vile vile. Kinachopatikana ni kwamba bekapu na logi hazigombei nafasi nayo, na hilo tulishalipata.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kikomo cha sloti. Nilipendekeza GB 40. Daftari likizidi kiasi hicho, seva kuu huiacha replika na kuendelea na kazi, na replika hulazimika kujengwa upya. Mkurugenzi alisikia maneno hayo kama kusema kwamba tunakubali kuua kinga yetu kwa makusudi, na hoja yake haikuwa nyepesi: tumenunua seva ya Moshi ili itulinde, sasa tunaandika kanuni ya kuitupa. Nilimjibu kwamba Julai seva ya Moshi haikutulinda, ilitusimamisha, na ilifanya hivyo ikiwa ndani ya boksi. Replika iliyopotea hurudi kwa saa 11 za kuhamisha data usiku bila mteja kujua. Seva kuu iliyosimama hujulikana na kila mtu. Alikubali kwa sharti kwamba apate ujumbe yeye mwenyewe kabla kikomo hakijafikiwa, na sharti hilo lilikuwa zuri kuliko pendekezo langu.

Kwa hiyo ujumbe wa tahadhari uliandikwa upya. Kila dakika 15, programu ndogo husoma orodha ya sloti katika pg_replication_slots, hupima umbali kati ya mahali seva ilipofika na mahali replika ilipoishia, hulinganisha na kasi ya saa sita zilizopita, kisha hutoa namba moja, yaani saa zilizobaki. Ikishuka chini ya 48 ujumbe humwendea afisa tehama, ikishuka chini ya 24 humwendea mkurugenzi pia. Asilimia haitajwi. Karatasi ya Aprili nayo sasa hujazwa mara nne kwa mwaka, na mara mbili kati ya hizo ni ndani ya msimu wenyewe, Agosti na mwishoni mwa Desemba.

Mwezi wa Novemba, kabla ya wageni wa Krismasi, tuliizima seva ya Moshi kwa makusudi saa kumi na mbili jioni na kuiacha hivyo hadi kesho yake saa ile ile. Katika saa hizo 24 sloti ilishikilia GB 8, na ujumbe wa kwanza haukutumwa kwa kuwa saa zilizobaki hazikushuka chini ya 90. Ilipowashwa, replika ililipa deni lote kwa dakika 56, na afisa tehama akaifuta kwa kalamu ile "siku kumi" ya pembeni na kuandika juu yake "saa 96", pamoja na tarehe.